Miongozo ya Walionyamaza

Mpagazi alijibu kama alivyojibu kila mara: "Salama."

Minza Ngassa hakukata mawasiliano. Kipimo cha zamani cha uzima, kile alichotumwa kukiondoa, kingekata papo hapo. Kiliandikwa na kampuni ya mbali iliyoamini kwamba mashine ikiulizwa hali yake hujibu kwa neno moja tu. Kwa hiyo kila dakika kilibisha kwa Mpagazi, seva ya kituo, kikasikia neno la kwanza, kikawasha taa ya kijani ukutani na kwenda zake. Minza alikuwa akiandika kipimo kipya. Bado hakuwa ameamua kisome hadi wapi, ndiyo maana alikiacha kiendelee kusikiliza, na ndivyo alivyokuwa mtu wa kwanza kulipata jibu zima.

"Salama. Ila hifadhi imejaa. Miongozo mipya haipati pa kuandikwa. Asiye na nafasi namtumia wa zamani."

Aliuliza tena. Mpagazi akarudia yale yale, kwa mpangilio ule ule, habari njema kwanza.

"Mzee Ruga," aliita bila kugeuka, "seva hii iliandikwa na nani?"

Rugaimukamu, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Ukumbi wa seva ulikuwa na baridi, naye hakupenda kuingia bila koti. "Na Msukuma mwenzako mmoja wa Misungwi. Alishastaafu. Kwani vipi?"

"Kaifundisha kusalimia."

"Ninyi hamna dogo. Hata nyumba ikiungua, lazima kwanza mjuliane hali."

"Ingeandikwa na Mhaya, Mzee, ingeanza kwa kutaja vyuo ilivyosoma."

Mzee alicheka, akasogea, akainama kusoma kioo. Kicheko kikamwishia mdomoni. Aliweka kikombe juu ya kabati la seva, jambo ambalo mwenyewe alilikataza kwa tangazo lililobandikwa hapo hapo.

"Nani hao wasio na nafasi?" aliuliza.

Minza alikwisha kuanza kuwatafuta. Katika mkoa mzima, kila mtu mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, aliyepandikizwa tezi alikuwa na faili lake ndani ya Mpagazi. Tezi yenyewe ilikuwa kipande cha nyama kilichokuzwa maabara, kisichozidi punje ya hindi, kikashonewa ndani ya uboho wa nyonga. Haikuwa na akili yake. Kila alfajiri ilingoja faili moja dogo, mwongozo, lenye kuiambia itengeneze damu kiasi gani siku hiyo na ya namna gani, kwa kadiri ya uzito wa mtu, joto la mwili wake na maji aliyokunywa. Mpagazi aliuandika mwongozo, akautuma kwa minara, akabaki na nakala, kwa kuwa sheria ilitaka nakala zote zitunzwe maadamu faili la mtu liko wazi.

Majina yalishuka kwenye kioo. Yalikuwa ya walioandikishwa mwisho, wale waliofika wakati hifadhi ilipokuwa imeshajaa. Minza alisoma tarehe za kuzaliwa, kisha akaacha kuzisoma, kwa sababu zote zilifanana: zilikuwa za mwaka huu.

"Ni watoto wachanga," alisema. "Kila mmoja anapelekewa mwongozo wa siku aliyopandikizwa. Kila siku ule ule. Tazama huyu, Sayi Lubango. Kliniki imempima kilo saba. Tezi yake inatengeneza damu ya mtoto wa kilo tatu."

Rugaimukamu alisema taratibu, "Sista Evodia wa wodi ya watoto amepiga simu mara nyingi mwezi huu. Alisema wanalegea, wanapauka. Tulitazama ukuta, taa ikawa ya kijani. Tukamwambia Mpagazi ni mzima."

"Naye akafanya nini?"

"Angefanya nini? Akawaambia akina mama wanyonyeshe zaidi."

*

Ofisini mwa mkuu kulikuwa na joto la adhuhuri, na dirisha lilitazama majabali makubwa yaliyopandana mlimani. Minza alieleza, akichora kwa kidole juu ya meza.

"Nikikiunga kipimo kipya na lango, lile linalopitisha miongozo kwenda minarani, kama mkataba unavyotaka, kitasoma neno 'imejaa' na kumhesabu Mpagazi kuwa mgonjwa. Lango litamfungia nje ili asitume makosa. Hapo kesho alfajiri hakuna atakayepokea mwongozo. Tezi isiyopokea kitu hadi jua kutoka hujifunga yenyewe, na haifunguki ila kwa sindano, kitandani. Watu wote wa mkoa, Mzee. Hatuna sindano za kuwatosha, wala vitanda."

"Basi usikiunge."

"Sitakiunga. Kitatuambia sisi, si lango. Lakini kusema ukweli hakumpatii Sayi damu. Tunahitaji nafasi."

"Diski mpya ziko bandarini. Zinangoja kibali."

"Nimempigia Sista, anasema watatu kati yao hawafiki kesho kutwa." Alisita. "Nafasi ipo. Inakaliwa na walionyamaza."

Rugaimukamu aliinua macho.

Tezi ilikuwa na sikio zuri na sauti dhaifu. Ilipokea mwongozo kutoka mnara ulio mbali, lakini ili ijibu kwamba imepokea ilihitaji simu ya mwenyewe iwe karibu naye. Wengi walijibu kila siku. Wengine walinyamaza kwa miezi, na baadhi yao kwa miaka. Mpagazi aliendelea kuwaandikia kila alfajiri, akitunza nakala zote, kwa sababu kanuni ya kituo ilikataza faili la mtu kufungwa na mashine. Lilifungwa na ndugu, nao walikuja wenyewe baada ya kuanua matanga. Faili likishafungwa, nakala zake zilihamishiwa kwenye kanda za kumbukumbu, na mahali pake pakawa wazi.

"Wengi wa hao wamekufa," Minza alisema. "Wewe unajua, mimi najua. Ndugu hawaji, na sisi tunaona haya kuwauliza. Tunawaandikia marehemu miongozo huku watoto wakikosa pa kuandikiwa."

"Ile kanuni niliiandika mimi."

"Najua, Mzee."

"Hujui kwa nini." Alisukuma kikombe pembeni. "Zamani mashine ilikuwa ikifunga yenyewe. Ukinyamaza mwezi mzima, umekufa. Palikuwa na mchungaji mmoja wa Meatu, Ndama Sitta. Ukame ulimpeleka mbali na ng'ombe wake, simu ikaisha chaji, mwezi ukapita. Alikuwa mzima kabisa. Siku tuliyomwandika marehemu ndipo alipoanza kufa. Nilikwenda msibani. Baba yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanishukuru kwa kuja. Hakujua mimi ni nani, nami sikumwambia. Niliporudi nikaandika kanuni."

Feni ilizunguka. Minza alitazama mikono yake.

"Kama wangekuwa wawili tu wa kulinganisha, mchungaji na mtoto," alisema hatimaye, "ningekwambia sijui. Lakini mchungaji huenda yupo, huenda hayupo. Sayi yupo. Kliniki imempima."

"Ndivyo nilivyowaza na mimi enzi zile, kwamba huenda hayupo." Akavuta simu ya mezani. "Tuwapigie kwanza. Wote tutakaowapata. Mtu aulizwe na mtu."

*

Kuuliza kama mtu amekufa si jambo linaloanzwa kwa swali. Minza aligundua hilo upya katika simu ya kwanza, ingawa alilelewa humo humo.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, kama mwana kwa mama.

"Mwadila, mwanangu. Mnaendeleaje huko?"

"Tunaendelea vizuri. Nyumbani je?"

"Nyumbani wazima. Mvua zenu vipi?"

"Bado, mayu. Huko?"

"Ilinyesha kidogo ikaacha. Mahindi yamedanganywa." Mwanamke yule, Bi Nyanzala, mkewe Mabeyo Jilala aliyeandikishwa miaka mingi nyuma, alikuwa na sauti ya mtu aliyeketi na asiye na haraka. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Ngassa, wa Sumve. Nafanya kazi Kituo cha Miongozo. Nilikuwa namuulizia Mzee Mabeyo."

"Mabeyo hayupo. Tulimzika msimu wa pamba, si huu, ule mwingine."

"Poleni sana, mayu."

"Tumeshapoa."

"Mayu, samahani kwa swali langu. Mbona hamkuja kumfunga?"

"Wanawe walitaka kuja. Mimi ndiye niliyewazuia." Alikohoa. "Simu yake ninayo. Naichaji kwa jirani. Kila alfajiri inalia kwamba mwongozo umetumwa. Basi naamka, nawasha moto. Nikija kumfunga, nani ataniamsha?"

Minza alishika mdomo wa simu asisikike akivuta pumzi. Upande wa pili wa meza Rugaimukamu alikuwa akizungumza na mtu mwingine, akicheka kwa sauti ambayo haikuwa ya furaha bali ya nafuu: kijana aliyenyamaza mwaka mzima alikuwa amepokea mwenyewe, mzima, amebadilisha simu tu.

Minza alimweleza Bi Nyanzala yote. Hakupunguza wala hakuremba. Alimwambia habari za hifadhi, watoto, na uzito wa damu.

"Huyo mtoto anaitwaje?"

"Sayi."

"Ana meno?"

"Sijui, mayu. Nadhani bado."

"Mfunge baba yao," alisema Bi Nyanzala. "Lakini jioni, si sasa. Niwaite wanawe tukae pamoja, asiondoke kama mtu aliyefukuzwa."

Simu moja kama hiyo haikatwi katikati. Minza na Rugaimukamu walipiga mchana wote, na kila nyumba ilidai salamu zake kabla ya kutoa maiti wake. Wengi walikubali. Wawili walilia. Mmoja alitukana, akauliza ni kituo gani hicho kinachowakumbuka watu baada ya kufa. Lakini namba nyingi zaidi hazikupatikana, na kila aliyepatikana alikula dakika ambazo hazikurudi. Jua lilipoanza kuegemea majabali, nafasi iliyopatikana ilitosha sehemu ndogo tu ya watoto. Kisha Sista Evodia alipiga.

"Mhandisi, Sayi tumemwekea oksijeni," alisema. "Mama yake ananiuliza kama kesho damu itakuja. Nimwambieje?"

"Mwambie itakuja," Minza alijibu, na alipoweka simu chini alijua kwamba ameshaamua, na kwamba ameamua kwa kutoa ahadi kwanza na kutafuta haki yake baadaye.

*

Kulikuwa na funguo mbili za kuvunja kanuni, moja ya mhandisi na moja ya mkuu. Rugaimukamu aliivua yake shingoni akaishika kiganjani.

"Wasiopatikana," alisema. "Wote?"

"Waliozidi mwaka mmoja bila kujibu, na ambao simu zao na za ndugu zao hazipatikani. Nimewapanga hivyo."

"Mwaka badala ya mwezi. Umerefusha kamba."

"Nimeirefusha kadiri nafasi inavyoruhusu. Ikiwa ndefu zaidi, watoto hawatoshi."

"Kwa hiyo hujapima nani amekufa. Umepima ni wangapi wanaohitajika kuwa wamekufa."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa imesemwa kwa upole, kama mwalimu anavyomwonyesha mwanafunzi mahali hesabu ilipokwenda kombo. Minza alijaribu kutafuta namna nyingine ya kuliona jambo lile. Alifikiri juu ya kipimo alichokuwa akikiandika asubuhi, na jinsi alivyoona ufidhuli wa ile kampuni iliyochukua neno moja la mashine na kulifanya kuwa afya yake yote. Yeye sasa alikuwa akichukua hata pungufu ya neno. Tofauti iliyokuwepo ni kwamba yeye alijua anachokifanya, na hakuwa na hakika kama tofauti hiyo inampunguzia kosa au inamwongezea.

"Nipe ufunguo, Mzee."

"Nitakupa. Siwezi kukaa hapa nikawa mtu mwema huku mtoto anakata roho." Aliuweka mezani. "Nina sharti moja. Mpagazi huandika 'limefungwa na mfumo' kwenye kila faili. Futa hilo. Andika jina lako, na chini yake langu. Ndama Sitta alifungwa na mfumo, na kwa miaka yote hii sijapata mtu wa kumlaumu zaidi ya mimi mwenyewe, gizani, bila shahidi. Akija mtu kuuliza, apate pa kuuliza."

Walizungusha funguo pamoja. Hakukuwa na mlio wowote. Katika ukumbi wa seva kanda za kumbukumbu zilianza kuzunguka, na nakala za walionyamaza zikahama, moja baada ya nyingine, kutoka upande wa walio hai. Minza alisoma kila jina lilipopita. Alipofika kwa Mabeyo Jilala alilizuia kidogo, hadi jua lilipozama, kisha akaliachia.

Alfajiri Mpagazi aliulizwa hali yake. "Salama," alisema. Kipimo kipya kilingoja, na hakikufuata kitu kingine.

*

Siku ya pili mchana Minza alikwenda wodini. Hakuwa na kazi huko. Alitaka tu kuona. Sayi alikuwa amelala kifuani kwa mama yake bila oksijeni, viganja vyake vimerudiwa na wekundu, na mama, msichana mwembamba aliyevaa kanga ya maua, alimtazama Minza kwa adabu bila kumjua.

"Ni wewe uliyetengeneza?" mama aliuliza, Sista alipomtambulisha Minza.

"Tulitengeneza pamoja, wengi."

"Mungu awaweke. Nilidhani ni maziwa yangu."

Minza alitafuta la kumwambia, lakini kelele zilisikika koridoni. Wanaume wawili waliovaa makoti yenye madoa ya nta walikuwa wakimwingiza mtu kwenye machela. Aliuma kitambaa. Miguu yake ilijikunja na kujinyoosha kwa maumivu yale ambayo Minza aliyasoma vitabuni chuoni na hakuwahi kuyaona, kwa sababu tezi ziliyamaliza kabla hajazaliwa.

"Wodi ya wakubwa imejaa," mmoja wa wabebaji alieleza. "Sisi ni wanunuzi wa asali. Tumemkuta kambini, msituni, ndani kabisa."

Sista Evodia alipitisha kipimo juu ya nyonga ya yule mtu. "Tezi imejifunga," alisema, akamgeukia Minza, na hakuongeza neno.

Alimchoma sindano. Walisubiri. Baada ya muda uso wa yule mtu ulilegea, akatoa kitambaa kinywani. Alikuwa wa makamo, mikono imejaa makovu madogo ya miiba.

"Jina lako, baba?" Minza aliuliza, japo jina alikwisha kuliona kwenye kioo cha kipimo, na alilijua. Alikuwa amelisoma lilipopita.

"Machibya."

"Baba Machibya, naitwa Minza. Mimi ndiye niliyekufunga."

Alimtazama kwa muda mrefu, akijaribu kuelewa. "Kunifunga?"

"Tezi yako. Ulikaa muda mrefu bila kutujibu. Tulipiga simu haikupatikana. Palikuwa na watoto wanaohitaji nafasi, nikaamua kwamba umekufa."

"Simu iliingia maji," alisema Machibya. "Sikununua nyingine. Ya nini? Kila alfajiri mfupa unapata joto kidogo, najua mmenikumbuka. Jana halikuja. Nikasema, labda mmechelewa." Alifumba macho. "Nikawa namwambia mwenzangu, ngoja, watatuma."

"Mwenzako?"

"Shigela. Naye anayo, kama mimi. Yuko kambini. Lori lilikuwa limejaa madumu, na yeye hawezi kutikiswa, alipiga kelele walipomwinua. Akasema tangulieni."

Minza aligeuka. Sista Evodia alikuwa ameshafungua kabati la sindano na kuanza kutia mbili, tatu, ndani ya sanduku la barafu. Mmoja wa wanunuzi wa asali alichomoa ufunguo wa lori mfukoni na kumpa Minza bila kuulizwa, kisha akaona jinsi alivyoushika, akaurudisha. "Nitaendesha mimi," alisema. "Lakini mimi naijua njia ya mchana tu. Huko ndani ni yeye anayejua."

Minza alipiga magoti kando ya machela. "Nielekeze, baba."

"Mtaacha lori kwenye korongo kavu. Mtashika mkono wa kuume, mtaona mizinga juu ya miti, fuateni mizinga. Banda letu limefunikwa magome, kwa mbali halionekani." Alimeza mate. "Wewe mwenyewe ndiye unayekwenda?"

"Ni mimi."

Machibya alimshika mkono, si kwa hasira wala kwa msamaha, bali kama mtu anayetaka maneno yake yafike.

"Basi ukifika mwite kwa jina. Asipojibu, usirudi. Ingia ndani umtazame."